Kitambaa Kirefu cha Friji

Nimefuma vitambaa tangu nikiwa msichana, na kati ya vyote nilivyofuma kuna kimoja tu ninachokijutia. Kilikuwa cheupe, chenye maua ya manjano pembeni, kirefu kuliko kawaida. Nilikifuma kirefu makusudi.

Duka ni la mwanangu. Liko Kitale, barabara ya nyuma ya soko, katikati ya duka la mbegu na la Singasinga mmoja anayeuza vipuri. Mwanangu anauza friji, televisheni, pasi na majagi ya kuchemshia maji. Baba yake alipofariki nilitoka shamba nikaja kukaa naye, na kwa sababu mimi siwezi kushinda nyumbani nikitazama ukuta, aliniwekea kiti karibu na mlango wa duka. Kazi yangu ilikuwa kupangusa, kufuma, na kuongea na wanawake waliokuja kununua. Wanawake wa huku hawamwamini sana mwanamume anayewaonyesha kitu huku simu iko sikioni. Mimi wananiamini. Nalisema hilo mapema ili ujue kosa langu lilikuwa na uzito gani.

Kila friji iliyoingia dukani ilikuwa na stika mbele ya mlango. Kubwa kama kiganja changu, juu nyota zimepangwa kama upinde, zingine zimejazwa rangi na zingine ziko wazi, na chini kuna namba. Mimi niliishia darasa la tatu. Kusoma naweza, polepole, kidole kikiwa chini ya maneno. Lakini hizo stika sikuzisoma. Niliziona uchafu tu. Nilichukua tambara, maji ya moto na mafuta taa kidogo, nikazibandua zote, milango ikabaki inang'aa. Halafu nikaweka kitambaa cha kufuma juu ya kila friji, kama tunavyofunika kila kitu cha maana nyumbani: makochi, redio, meza, hata mtungi wa maji. Friji bila kitambaa kwangu ni kama mtu ametoka kwenda kanisani bila viatu. Mwanangu aliona, akaendelea na simu yake. Wanunuzi walisifu. Wengine waliuliza kama kitambaa kinakwenda pamoja na friji, nikawaambia kinakwenda.

Siku moja akaingia mama mmoja wa serikali, kadi shingoni, viatu vya chini vimejaa vumbi. Alitembea mbele ya friji zote, akarudi akasimama mbele yangu.

"Shosho, hizi friji zilikuja bila lebo?"

"Zilikuja na makaratasi. Niliyatoa."

"Ukayatoa?"

"Si yalikuwa yanachafua mlango?"

Aliziba mdomo na mkono akacheka. Halafu akaona mimi sicheki, akavuta katoni akakaa. Sikumpenda alipoingia, lakini aliniongelesha kama mtu mzima.

"Hiyo si karatasi ya kiwanda, shosho. Ni ya mnunuzi. Nyota zikiwa nyingi, friji inakula stima kidogo. Ikiwa na nyota moja, inakula kama nguruwe. Mwenye duka analazimika kuiacha mbele, mahali mtu anaiona akisimama hapa. Haitolewi na haifunikwi. Mtu akishanunua, akaipeleka kwake, hata akiitupa hiyo ni shauri yake."

"Na hiyo namba?"

"Ni stima itakula mwaka mzima. Mtu analinganisha hii na ile, anajua anachopeleka nyumbani."

"Na asiyejua kusoma?"

"Huyo ndiye unamsomea wewe, shosho."

Alimwandikia mwanangu barua ya onyo na kumwambia akirudi akute hivyo hivyo, watakutana kortini. Mwanangu aliagiza stika zingine kutoka kwa waliotuletea friji, akazibandika mwenyewe. Jioni aliniambia, "Mama, usibandue tena. Tafadhali." Nikakata vitambaa vyote vikawa vifupi, vya kulala juu tu. Kwa hiyo nilijua. Asije mtu kusema yule mama mzee hakuelewa. Nilielewa vizuri kabisa, na masikio yangu hayana shida.

Baadaye mwanangu aliletewa friji moja ya milango miwili, kubwa, nyeupe, nzuri ya kutazama. Ilikuwa na nyota moja. Ilikaa dukani karibu na kiti changu, ikaziba nusu ya mwanga wa mlango. Kila mwanamke aliyeipenda aliuliza nyota ni ya nini, nami nikamwambia kama nilivyoambiwa, akaipapasa mara ya mwisho akaenda kwa zile zingine. Mwanangu alianza kuipita bila kuitazama. Siku moja nilimsikia akiongea peke yake kule nyuma: "Hiki kitu kitanizika."

Mimi ni mama. Nilichukua uzi mweupe nikaanza kufuma. Nilifuma siku nyingi, wanunuzi wakiingia na kutoka, na kila aliyeniuliza nafuma nini nilimjibu ni kitambaa. Kilipoisha nikakitandika juu ya ile friji, kikateremka mbele mpaka kwenye mkono wa mlango. Stika ikabaki chini yake. Sikuibandua. Moyoni nilijiambia: nimekatazwa kubandua, na sijabandua. Mtoto wangu angenijibu hivyo zamani, ningemchapa mara mbili, moja ya kosa na moja ya ujanja.

Mwanangu aliingia, akatazama kitambaa, akanitazama.

"Mama, hicho si ni kirefu?"

"Uzi ulibaki."

Akaenda nyuma ya duka. Hatukuliongea tena.

Sasa niseme juu ya mkwe wangu. Mke wa mwanangu ni wa Matulo, upande wa Webuye, na mama yake ndiye ninayemwita mkwe, naye ananiita hivyo hivyo. Kwetu watu walioozeshana watoto wanaheshimiana mpaka mgeni anaweza kufikiri wanaogopana. Huwezi kumwuliza mkwe swali mara mbili. Akikupa kitu, hukigeuzi kukikagua mbele yake. Kitu alichofunika hukifunui, hata kama ni sahani ya ndizi na una njaa. Tunasalimiana kwa mikono miwili, tunakaa mbali kidogo, na mabaya tunayameza.

Alikuja Kitale asubuhi, amevaa leso mpya. Wanawake wa chama chao walikuwa wamechanga wanunue friji, wakusanye maziwa, watengeneze maziwa lala ya kuuza Webuye. Walimchagua yeye aiweke kwake kwa sababu stima ilikuwa imefika kwake na nyumba yake ina kufuli nzuri.

"Walitaka twende Bungoma mjini," akasema. "Nikawaambia, ya nini kwenda kwa watu hatuwajui? Mkwe wangu hukaa kwa duka la friji. Huko sitadanganywa."

Alisema hivyo akiwa amesimama mbele ya ile kubwa. Alinyoosha kidole akagusa ua moja la manjano, pembeni kabisa. Hakuinua kitambaa. Angewezaje? Kilikuwa cha mkono wangu.

"Una mkono mzuri, mkwe."

"Ni uzi tu."

"Na hii, kwa upande wa stima, haisumbui?"

"Ni kama zile zingine," nikasema.

Hatua mbili kutoka pale kulikuwa na friji ndogo ya nyota nne, kitambaa chake kifupi, stika yake iko wazi. Mkwe hajui kusoma hata kidogo. Aliitazama.

"Na hii ndogo?"

"Hiyo ni ya watu wa mjini. Wanaweka soda."

Hakuuliza tena. Nilikwisha sema kwamba mkwe haulizwi mara mbili. Nilijua hataniuliza, na hapo ndipo niliposimamia.

Walipokuwa wakiipakia kwenye pikapu niliwaambia wangoje nipanguse mlango. Niliingiza mkono chini ya kitambaa, nikaibandua ile stika kwa kucha, ikachanika kwenye kona. Nikaitia kwenye kopo langu la sindano. Sijui kwa nini sikuitupa. Mkwe alinishukuru kwa kupangusa.

Mwanangu aliimba siku hiyo. Mimi nilirudi kwenye kiti changu na mwanga wote wa mlango ukaniangukia, nikashindwa kufuma.

Miezi ikapita. Nilimwuliza mke wa mwanangu, "Mama anaendeleaje na maziwa?" Akajibu akiwa anaosha vyombo, "Aliacha. Anasema ng'ombe zilikauka." Zote? Hilo sikumwuliza. Kopo la sindano lilikuwa mapajani mwangu.

Baada ya kuvuna mahindi nilikwenda Matulo kumsalimia, kama tunavyofanya kila mwaka. Nilibeba sukari na majani ya chai. Alinipokea vizuri kupita nilivyostahili. Friji ilikuwa sebuleni, mahali pa heshima, mbele ya makochi. Kitambaa changu kilikuwa juu yake, kimefuliwa, kimetiwa wanga, kimepigwa pasi mpaka maua yamesimama. Nikatafuta sauti ya friji. Hakukuwa na sauti. Waya wake ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani.

Mkwe aliufungua mlango akatoa vikombe. Ndani kulikuwa na sahani, unga wa mahindi, kitabu cha nyimbo na sabuni za kipande. Nyuma ya mlango wa juu kulikuwa na vitunguu.

"Iliharibika?" nikauliza.

"Haijaharibika. Ni nzima kabisa. Nimeipumzisha."

"Na maziwa?"

"Ng'ombe zilikauka, mkwe."

Akanimiminia chai. Ilikuwa nyeupe, nzito, juu ina utando wa mafuta. Nje nilisikia ng'ombe analia akitaka kukamuliwa, na jirani akapita dirishani na mtungi wa maziwa kichwani, akaita, "Mama, maziwa ya kwako niyapitie kesho?" Mkwe alinisogezea sukari. Nilitazama kikombe changu. Yeye aliniona nikikitazama. Tukanywa.

Mimi nimeishi maisha yangu nikiwaambia watu ukweli usoni. Nimewafukuza watu jikoni kwangu kwa uongo wa kijiko cha sukari. Nilikaa pale nikinywa maziwa ya ng'ombe aliyekauka, na mtu niliyemdanganya alikuwa anadanganya ili kunisitiri mimi. Nilitoa kopo la sindano kwenye mkoba, nikalifungua, nikaiweka ile stika mezani kati ya vikombe.

"Hii ilikuwa chini ya kitambaa siku ile."

"Ni nini?"

"Inaonyesha friji inakula stima kiasi gani. Nyota nyingi ni nzuri. Hii ina moja."

Aliichukua, akaigeuza, akaitazama kama mtu anatazama picha ya mtu asiyemjua.

"Ulijua siku ile, ama ulijua baadaye?"

"Siku ile."

Aliirudisha mezani. Akailaza kona iliyochanika kwa kidole.

"Mimi nilidhani hukujua," akasema. "Miezi hii yote nimekuwa nikisema, maskini mkwe wangu, hata yeye watu wa kiwanda walimdanganya."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

"Nilikuwa naweka tokeni za stima asubuhi, jioni nyumba ni giza. Watoto wakarudi kusomea koroboi. Maziwa yakaharibika mara mbili, ya wanawake wote, tukamwagia nguruwe. Nikaona niseme ng'ombe zangu zimekauka, siwezi kuendelea. Wakisikia ni friji, jina lako ndilo litatajwa."

"Irudishwe dukani. Tutakupa ingine."

"Kitu kimetoka kwa mkwe kinarudije? Watu watasema tumegombana. Msichana wangu yuko kwako."

"Watu waniulize mimi. Nitawaambia."

"Utasimama mbele ya wanawake wa Matulo?"

"Nitasimama."

"Wana mdomo, hao."

"Hata mimi ninao."

Hapo karibu acheke, lakini alijizuia.

Nililala kwake mpaka Jumapili. Baada ya ibada wanawake wa chama walikaa kwenye benchi zao nje ya kanisa, nami nikasimama. Sikuanza na shukrani wala salamu ndefu. Nilisema friji yao ilikuwa ya kula stima nyingi, kwamba stika ya kuwaonya ilikuwepo, kwamba sheria inataka ionekane, kwamba niliifunika na baadaye nikaibandua, na kwamba mkwe wangu hakuwa na ng'ombe waliokauka.

"Ati ulifunika?" mmoja akauliza.

"Nilifunika."

"Na nini?"

"Na kitambaa nilichofuma."

"Kile cha maua ya manjano? Si ndiyo kile tulikisifu?"

"Ndicho."

Mwingine, mnene, aliyekaa mwisho wa benchi, akapiga goti lake. "Ngojeni kwanza. Si huyu ndiye mama alitufokea kwa ile harusi ya kijana wake, ati tumepunguza mchele, ati hatuna haya?"

"Ni mimi."

"Bana!" akasema, na wote wakacheka, cheko refu. Mkwe wangu peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama chini, anachora mchanga na kidole cha mguu. Aibu yangu ilikuwa imemfikia hata yeye, na hilo sikuwa nimelihesabu.

Niliporudi Kitale nilimwambia mwanangu. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu.

"Nilikuona ukifuma, mama," akasema. "Nilijua. Nilishukuru uliuza wewe, nisiuze mimi."

 Nani angenisikiliza nikimgombeza? Pikapu ikaenda Matulo, friji ikarudi, na mkwe akaja nayo, amekaa mbele na dereva.

Aliingia dukani bila kukaa. Alisimama mbele ya friji ya kwanza, akashika kitambaa changu, akakiinua. Vitambaa vyote vilikuwa vifupi siku hizo, havikufunika chochote, lakini alikiinua, akatazama chini yake, akakirudisha. Tangu mwanangu aoe, sikuwa nimewahi kumwona mkwe akifunua kitu changu. Halafu akaonyesha stika.

"Nisomee."

Nikasoma. Kidole changu chini ya namba, polepole, kwa sauti. Nikahesabu nyota. Akaenda kwa ya pili.

"Nisomee."

Watu wawili waliokuwa wanatafuta pasi waliacha kutafuta. Mwanangu alitoka nyuma akasimama. Nilisoma friji zote, moja moja, hata zile ambazo hangeweza kuzinunua, na nilipojikwaa kwenye namba alisema, "Soma tena hiyo," nikasoma tena. Tulipofika kwa ile ndogo ya nyota nne alisimama.

"Hii ndiyo ya watu wa mjini?"

"Ndiyo."

"Maziwa yataingia?"

"Yote hayataingia. Ya asubuhi yataingia, ya jioni mtauza siku hiyo hiyo. Stima itakula kidogo."

"Basi umesema," akajibu. "Nitachukua hii."

Kabla haijabebwa alikitoa kitambaa kilichokuwa juu, akakikunja mara nne vizuri, kona kwa kona, akanipa kwa mikono miwili kama tunavyopeana vitu.

"Hiki baki nacho, mkwe."

Nikakipokea.

Friji kubwa bado iko hapa karibu na kiti changu. Mwanangu aliibandika ile stika yake tena kwa gundi, kona moja imechanika kwa kucha yangu. Haina kitambaa. Mtu akisimama mbele yake, namsomea kabla hajauliza, naye anaenda. Siku nyingine mwanamke aliyetoka Lwakhakha aliniambia, "Wewe unauza ama unafukuza?" Nikamwambia atazame ingine.

Matulo nakwenda bado. Mkwe ananisalimia kwa mikono miwili, ananipa chai, tunaulizana habari za wajukuu. Wanawake wanaleta maziwa asubuhi, na ile friji ndogo inanguruma sebuleni. Stika yake iko pale pale mlangoni. Ni friji yake sasa, yule mama wa serikali alisema mtu akiipeleka kwake hata akiitupa stika ni shauri yake. Hajaitupa. Anaipangusa. Na kiti anachonipa kila nikienda, amekigeuza, kinatazamana nayo.